Kupigwa Stop

Daktari alikuwa kijana, na neno lake alilisema kwa upole, ameushika mkono wa mama kana kwamba ni bibi yake.

"Mama, kuanzia leo nakupiga stop. Chumvi, stop. Kubeba mizigo kichwani, stop. Na kupanda mlima, ndiyo kabisa. Moyo wako umechoka."

Mama akauliza, "Na shamba?"

"Shamba waachie vijana."

Mama akavitazama viatu vyake. Tulipofika nyumbani kwa dada yangu, Kilakala, aliomba maji tu. Akakaa barazani akiuelekea mlima. Kutoka pale Uluguru huonekana karibu sana, hasa asubuhi, mpaka mtu asiyeujua anaweza kudhani ni mwendo wa kumaliza kabla ya chai.

Mimi nilikuwa nimerudi Morogoro siku si nyingi, na begi langu moja, kama ninavyorudi siku zote. Nimekwishapita arobaini na sijakaa mahali hata nikapanda mti nikala tunda lake. Mama alipokuwa akinipigia simu, swali lake la kwanza halikuwa hujambo. Lilikuwa, "Sasa uko wapi?"

Neno lile la daktari lilinikaa kichwani. Nilizaliwa karibu na stesheni ya Kingolwira, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli, na kabla sijajua Kiingereza kingine chochote nilijua stop. Asubuhi wafungwa walipita kwenda kwenye mashamba ya gereza, majembe begani, na askari aliyewaongoza alilitamka mara moja tu, hata sauti hakupandisha, msururu mzima ukasimama. Nilidhani nguvu imo ndani ya neno lenyewe, kama umeme ulivyo ndani ya waya. Siku moja nikalijaribu kwa mbuzi wa jirani waliokuwa wakila kisamvu chetu. Wakanitazama, wakaendelea kula.

Baba alilitumia mara moja juu yangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya reli nikichezea kokoto, na yeye alikuwa mbali, na bendera yake nyekundu. Treni siikumbuki. Nakumbuka sauti yake ilivyopasuka katikati ya neno. Nilipotoka relini nilijua nitachapwa, lakini baba aliketi chini kwenye kokoto akaniambia nikamletee maji.

Baba alipofariki tulipanda mlimani. Sisi Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi pia ni ya ukoo wa mama. Mtoto wa kiume atalima, atakula, lakini shamba hupita kwa wanawake: kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa dada yangu. Mjomba, kaka wa mama, ndiye msimamizi. Hayo yote niliyajua. Nilidhani nayajua yote.

Sekondari nilikutana na neno lile tena, katika chumba cha mtihani wa kidato cha nne. "Stop writing," akasema msimamizi, na mimi nilikuwa katikati ya sentensi. Niliweka kalamu chini. Hata leo naweza kuwaambia neno lililokuwa likifuata.

Dar es Salaam nilipanga chumba katika nyumba iliyoandikwa STOP ukutani kwa rangi nyekundu, na alama ya X kubwa pembeni. Mimi nilihama mara moja, sikungoja kubomolewa. Nilipopita tena baada ya miaka, nyumba ilikuwa imesimama palepale, mama mwenye nyumba ameanika kanga juu ya ile X, wapangaji wanapika. Rangi ilikuwa imefifia ikawa kama waridi. Aliponiona akacheka. "Wewe ndiye uliyesimamishwa," akasema, "sisi hatukusoma."

Na Turiani, nilikofanya kazi kwenye miwa na kuishi na mwanamke mmoja mwema, neno lilinijia kwenye simu, baada ya kuondoka kwangu. "Stop kunipigia." Basi. Nikaacha kupiga.

Kwa hiyo nilipolisikia kutoka kwa daktari, nilijua ni neno linaloweza kumwokoa mtu na linaloweza kumfungia mlango, na mwenye kulitamka mara nyingi hajui amefanya lipi.

Dada yangu alilipokea kama zawadi. Yeye ni mkubwa kwangu, ana kibanda cha mitumba sokoni, na kwa miaka alikuwa amemsihi mama ashuke mjini. Sasa alikuwa na neno la daktari mkononi. Mama akinyoosha mkono kwenye kopo la chumvi: "Mama, stop!" Mama akiinua ndoo: "Mama, stop! Daktari kasemaje?" Wajukuu wakalifanya mchezo. Bibi akisimama tu kutoka mkekani, wanapiga kelele pamoja, stop, stop, na mama anakaa tena, anatabasamu kidogo. Niliona lile tabasamu linavyopungua siku hadi siku.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Mjomba akanipigia simu.

"Mjomba, shamba la mama yenu limeota msitu. Msimu uliopita halikulimwa vizuri, na huu unaingia. Wanawake wa ukoo wasio na mahali pa kulima wapo. Mimi nakwenda Turiani kwenye mpunga wangu. Nikirudi nataka nikute pale pana mtu."

"Nimekusikia, mjomba."

Sikumwambia mama. Sikumwambia dada pia, kwa sababu angesema liache liende. Niliondoka alfajiri na panga na fyekeo, nikasema naenda kutafuta kibarua. Mlimani nikapata vijana wawili wa kunisaidia, tukaanzia chini tukapanda juu, tukafyeka tuta kwa tuta. Mwili wangu ulikumbuka kazi ile. Nilikuwa na picha moja kichwani: nikiwa mdogo, bibi yetu alipokufa, wajomba walilifyeka shamba lake lote kwa siku moja, mpaka likawa jeupe kama limefagiliwa. Nilisimama njiani nikawaza kwamba hayo ndiyo mapenzi ya wanaume kwa mama zao. Nilitaka mama aone nami naweza.

Watu walipita. Wanawake wenye mizigo ya kabichi na karoti wakielekea mjini walisimama, wakanitazama, wakaenda zao kimya. Mzee mmoja akauliza, "Mjomba wako yuko?"

"Yuko Turiani, baba."

"Hata hivyo mnafyeka?"

"Tutamngoja mpaka lini? Mvua hiyo."

Akavua kofia yake, akaikunja, akaendelea na safari. Jioni shamba lilikuwa jeupe kuanzia kijito mpaka kona ya juu. Nililala usingizi ambao sijaupata kwa miaka.

Siku ya soko, asubuhi, mama alikuwa barazani akimenya mihogo. Dada alikuwa anafunga marobota yake ya nguo aende kibandani. Wakatokea wanawake watano wa kijijini kwetu, wamejitanda kanga vichwani, wawili wamebeba unga, mmoja maharage, mmoja mkungu wa ndizi. Walikuja kwa mwendo wa taratibu, vichwa chini. Aliyetangulia alikuwa rafiki wa mama tangu usichana wao, mwanamke mwenye mdomo ambaye hata padri humwogopa. Aliinua uso, akamwona mama, akasimama kama amegonga ukuta.

"Yesu na Maria," akasema.

"Karibuni," mama akasema. "Mbona mmejitanda hivyo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumekuja kukusalimia."

"Kunisalimia na unga wote huo?"

Wakatazamana. Mwenye ndizi akautua mkungu wake polepole, kana kwamba anaweza kuuficha nyuma ya miguu.

"Nani kafa?" mama akauliza. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye muhogo.

Rafiki yake akameza mate. "Wewe," akasema.

Kisha mama akaanza kucheka, nao wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na rafiki yake akaishia kulia, anajifuta kwa ncha ya kanga na huku anamtukana. "Mwanamke mbaya wewe, tangu jana nakulilia! Nimeacha kuku wangu bandani! Nimekutolea mpaka sadaka!"

"Irudishe," mama akasema. "Lakini nani kawaambieni?"

"Shamba lako. Limefyekwa."

Mama akaacha kucheka. "Limefyekwa mpaka wapi?"

"Mpaka juu. Jeupe, kama uwanja wa mpira."

"Na kona ya juu?"

"Na kona ya juu."

Hapo ndipo mama aliponigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi, nikasema ni mimi, na wale wanawake wakanieleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia, jambo ambalo kila mtoto wa kike wa mlimani hulijua. Mwanamke akiwa hai, shamba lake halifyekwi lote. Yeye mwenyewe hupiga jembe la kwanza kwenye kona ya juu, hata kama ni mgonjwa, hata kama ni pigo moja, na wasaidizi hufuata baada yake. Akifa, matanga yakiisha, wanaume wa ukoo hulifyeka lote kwa siku moja bila kuacha jani, ili mjomba amkabidhi mwanamke mwingine. Niliyoyaona nikiwa mdogo hayakuwa mapenzi ya wanaume kwa mama zao. Yalikuwa kufunga mlango wa bibi.

"Basi nitampigia mjomba," nikasema. "Anajua mama yu hai."

"Kumbe anajua," rafiki wa mama akasema. "Amerudi juzi kutoka Turiani. Anasema mtu akiacha mwanawe alifyeke mpaka juu, ndiyo ameliachia kwa mkono wake, nasi tukadhani anamsema marehemu. Jumapili baada ya misa anamkabidhi binti wa mama yako mdogo. Na binti mwenyewe, tuseme kweli, hana pa kulima."

Binti huyo tunamjua. Ni mtoto wa mama mdogo, mumewe alimwacha na watoto wadogo. Hakuna aliyeweza kumsema vibaya.

Mama akamgeukia dada yangu. "Shamba ni lako baada yangu. Nenda wewe ukapige hiyo kona. Wewe moyo wako mzima."

Dada alikuwa bado ameshika kamba ya robota. "Siendi, mama."

"Pigo moja tu."

"Nikipiga moja nimelipokea. Nani atalima? Kibanda nimwachie nani? Na nikikuchukulia wewe hilo shamba, kesho utaniambia twende wote ukaniangalie. Nakujua." Sauti yake ikapanda. "Bibi alifia kwenye matuta yale. Mama mkubwa mgongo ulivunjika palepale. Liacheni limchukue mwingine! Daktari kapiga stop, Mungu mwenyewe kasaidia limefyekwa, mnataka nini tena?"

Wale wanawake walikuwa wakitazama unga wao.

"Kila mtu kanipiga stop," mama akasema, polepole, kama anayepanga vyombo. "Daktari kanipiga. Wewe unanipiga asubuhi na jioni. Huyu naye kanipiga kwa panga, na mapenzi tele. Kuna aliyeniuliza mimi nataka kusimama wapi?"

Jumamosi tulipanda. Dada hakutuaga, lakini asubuhi nilikuta dawa za mama zimefungwa kwenye mfuko na chupa ya chai pembeni, na jembe la mama, lile dogo lenye mpini uliolika, limetolewa stoo. Bodaboda ikatufikisha pale barabara inapokwisha kuwa barabara. Kutoka pale ni miguu.

Sitaki kukumbuka sana njia ile. Alikuwa akienda kidogo anasimama, mkono kwenye jiwe, mkono kifuani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwambia turudi, nikamwambia tena, hakujibu kwa sababu pumzi ya kujibu alikuwa anaitunza. Watu walioshuka na mizigo walimpisha. Habari ya kifo chake ilikuwa imewafikia wote, na habari ya uzima wake bado haijafika kwa wengi.

"Shikamoo bibi! Umefufuka?"

"Marahaba. Nimefukuzwa," akasema mama, akihema. "Wameniambia nikamalize magimbi yangu kwanza."

Wakacheka mpaka bondeni. Mama hakucheka. Alikuwa anatafuta jiwe la kukalia.

Mjomba alikuwa shambani, nadhani rafiki wa mama alikwishampasha habari. Alikuwa amekaa kwenye tuta la katikati, na binti wa mama mdogo amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Mjomba akasimama, maana mama ni mkubwa kwake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Umepandaje na hali hiyo?"

"Kwa miguu. Nipisheni."

Mbele ya macho ya mama shamba lilikuwa jeupe, udongo wenye vishina, hakuna jani la kumficha mtu. Nililiona kama anavyoliona yeye, na nikataka ardhi inimeze. Akapanda tuta kwa tuta, mengine kwa magoti na viganja. Kona ya juu iko kwenye mteremko mkali, chini ya jiwe. Akapiga magoti pale, akaliinua jembe, likashuka bila nguvu, likateleza juu ya udongo. Akainua tena. Kifua chake nilikisikia nikiwa hatua kadhaa chini yake, kama mtu anayepasua kitambaa.

Nikakimbia. Nilinyoosha mkono kulishika lile jembe.

"Stop!"

Sikuwahi kumsikia akilitamka kumsimamisha mtu. Katika maisha yake yote lilikuwa neno la watu wengine. Halikutoka kwa nguvu, hakuwa nayo, lakini nilisimama mguu mmoja juu ya tuta, na mjomba chini alisimama, na binti aliyekuwa ameanza kupanda kuja kusaidia akasimama, hata mtoto mgongoni akanyamaza. Sauti ilikuwa imepasuka katikati ya neno. Niliijua ile sauti. Nilikuwa tena kwenye kokoto za Kingolwira.

Akainua jembe mara nyingine. Likaingia. Akageuza donge moja la udongo mweusi, akatoa kwenye fundo la kanga chipukizi la gimbi alilotoka nalo uani kwa dada, akalichomeka, akalifunika kwa kiganja. Mkono ukabaki palepale.

Mjomba akamwambia binti bila kumtazama, "Lima matuta ya chini umsaidie dada yangu. Utakula humo. Lakini shamba lina mwenyewe."

Binti akaitikia. Nilimwona anavyojifuta uso, na sikujua kama ni jasho.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Ilikuwa dada. "Mko wapi? Mama vipi? Niambie ukweli."

Nikamtazama mama. Hakuweza kuinuka. Alikuwa ameegemea jiwe, macho yamefumba, vidole vimezama kwenye udongo, na kila pumzi ilikuja kama imeombewa ruhusa. "Tumefika," nikamwambia dada. Sikuweza kuongeza.

"Mwambie," mama akasema bila kufumbua macho, "mwambie nashukuru kwa jembe. Na mwambie sishuki."

Hajashuka mpaka leo. Tulimbeba jioni ile mpaka nyumba yake ya chini ya shamba, na yule binti amehamia naye na watoto wake. Mimi ndiye ninayeshuka. Nachukua dawa mjini, nalala Kilakala, dada ananipikia na hasemi nami mpaka nimekula, ndipo anauliza, "Anapumua vipi?" Asubuhi napanda na mfuko. Sijaondoka Morogoro tangu hapo. Begi langu liko nyuma ya mlango kwa dada, sijui kama nimeliacha au linaningoja.

Kuna mahali njia inapinda, ndipo shamba linapoonekana kwa mara ya kwanza, kabla ya nyumba. Nikikaribia pale hatua zangu hupungua zenyewe. Mama hulima kidogo sana, na ameamuru kona ya juu isiguswe na mtu, kwa hiyo magugu yameota kulizunguka lile gimbi, marefu, yanacheza na upepo. Majirani husema ni aibu kona kukaa hivyo. Mimi husimama pale njia inapopinda, natafuta kwa macho, na kila mara kabla sijainua uso naomba niyakute magugu yale bado yamesimama.